Utando wa Darubini

2 Septemba 2014

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepunguza kukusumbua. Dada Firdausi na wanawe hawajambo? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi.

Baba, najua umewaambia wenye maduka wenzako Kasulu nzima kwamba binti yako yuko Uingereza anatengeneza darubini ya kupelekwa anga za juu. Ni kweli. Darubini hiyo inanasa eksirei, ila si za hospitali. Hizi zinatoka kwenye nyota, na hewa ya dunia huzizuia zisitufikie huku chini. Kazi yangu ilikuwa kufunga utando wa mbele ya kifaa chake, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unaozuia mwanga wa kawaida na kupitisha eksirei.

Mwezi wa sita tulikijaribu kifaa ndani ya tangi lililotolewa hewa yote. Jaribio likaenda vizuri, wenzangu wakaanza kupeana mikono. Nami kwa furaha nikafungulia hewa irudi haraka mno. Ilivuma mara moja tu. Tulipofungua tangi, utando ulikuwa umechanika vipande vipande, kazi ya mwaka mzima ya watu wengi. Nikasema palepale kuwa ni mimi. Hakuna aliyenigombeza. Mkuu wetu, mama Esteri, alinimiminia chai akaniambia tutatengeneza mwingine. Afadhali angenitukana.

Sikuweza kuwatazama usoni tena. Niliomba likizo, nikaondoka.

Baba, siko Uingereza. Niko Kibondo kwa shangazi Mwajabu, tangu kabla ya Idi. Siku ile uliponipigia ukauliza kama huko Uingereza kuna baridi, nikajibu ni kali, nilikuwa nimekaa uani kwake nachambua maharage. Shangazi alisikia, akainuka akaingia ndani. Usimlaumu, nilimwapisha. Aibu ya utando imepungua. Aibu ya jibu lile hainipi usingizi.

Esteri ameniandikia tena na tena; utando mpya uko tayari na anataka niufunge mimi. Nimekubali. Jumamosi napanda basi la asubuhi kwenda Kigoma, nianze safari ya kurudi. Litasimama Kasulu. Nikikuona stendi nitateremka nikupigie magoti, nilale nyumbani siku mbili tatu. Nisipokuona nitaelewa, nami nitaendelea na safari bila kinyongo.

Msalimie Firdausi, umweleze kwa namna utakayoona inafaa. Mungu akutunze.

Mwanao akupendaye,
Asmahani