Kamera Niliyokupa Mbele za Watu

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya lolote nakuulizia hali, wewe na baba watoto na wale watundu wako. Yule kitinda mimba meno yameshatoka yote, au bado anawatafuna wenzake? Huku kwetu tu wazima. Goti langu linalalamika likiona ngazi, ila cherehani bado nalikanyaga. Mama anakusalimu sana. Macho yake yamefifia zaidi tangu uondoke, lakini ulimi uko palepale. Jana kamfukuza muuza maziwa kwa kosa la kukohoa.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Kwenye simu mimi hucheka tu, unanijua. Nikisikia sauti yako nitaanza kujisifu, na jambo lenyewe litabaki kooni.

Hata hivyo niache nijisifu kidogo kwanza, la sivyo utadhani kaandika mtu mwingine. Picha ya mwanao, huyu binti yangu, bado inaning'inia ukutani pale maktaba. Ile ya mwokaji mikate mwenzake aliyesinzia juu ya magunia ya unga, kope zote nyeupe. Watu wanafika mbele yake wananyamaza. Mimi huenda pale, na vitabu nilisoma lini? Nasimama kando nangoja mtu aseme nzuri, ili nimwambie mimi ndiye mama mzazi. Ndipo mtaani wakaanza kuniita Mama Kamera. Jina sikulikataa.

Picha ile aliipiga kwa ile kamera yake ndogo, unaijua, iliyo kama kipande cha sabuni. Aliinunua kwa mtu, kona moja imebonyea. Mfuko wake nilimshonea mimi, kwa kitambaa kilichobaki kwenye suti ya bwana harusi mmoja mnene, nikautia kitanzi chekundu cha kuvaa mkononi. Ilikaa kwenye aproni yake tangu asubuhi mpaka anarudi. Siku moja nilimwuliza mbona haivuti vitu vya mbali kama kamera za wenzake, akanijibu kwamba akimtaka mtu awe karibu, anamsogelea kwa miguu yake. Mwanga wake aliuzima, mlio wake aliuzima. Akiitoa, watu walidhani anatazama saa. Fundi viatu wa pale kona aliniambia hajui alipigwa lini, ila alipoiona picha aliitambua mikono yake kabla ya uso.

Na mimi, dada yako, kamera hiyo ikanitia aibu.

Ilikuwa siku ya kufungua maonyesho ya picha pale maktaba. Nimevaa gauni langu la zambarau, nimelishona mwenyewe, mabega yamekaa sawasawa. Yule mpiga picha wa harusi mwenye tumbo, anayetembea na kamera kubwa shingoni, akauliza picha ile imepigwa kwa mashine gani. Binti akaitoa mfukoni. Bwana yule akacheka mpaka akashika ukuta, akauliza kama hiyo si ya kuchezea watoto. Binti naye akacheka, wala hakuumia. Aliyeumia ni mimi. Nililala na neno lile, nikaamka nalo. Nikashona sare za shule mpaka vidole vikafa ganzi, nikamnunulia kamera kubwa, nyeusi, yenye bomba mbele kama chupa ya chai. Alisema asante mama, akaikumbatia. Leo nadhani alikuwa anatazama vidole vyangu.

Kisha ukaja wewe kutusalimia. Unakumbuka pale mezani, majirani wamejaa, nikainuka nikatangaza kwamba mwanangu sasa amefika mbali, vidogovidogo ameviacha. Nikakukabidhi ile ndogo pamoja na mfuko wake, nikasema wape wanao wachezee. Mlipiga makofi. Binti mwenyewe alikuwa anaingia na birika. Akasimama kidogo, kisha akaendelea kumimina chai, hakumwaga hata tone. Mimi nikaona ameridhika.

Sasa sikia yaliyofuata. Siku ya kwanza alipoingia kiwanda cha mikate na ile kubwa, msimamizi alimwita pembeni akamwuliza anapeleka habari gazeti gani. Wenzake, watu waliozoea kutaniana na kurushiana unga mbele yake, walijipanga mstari wakatoa macho kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Fundi viatu alifunga vifungo vyote vya shati, akauliza yeye atalipwa ngapi. Na Mama je! Kuambiwa tu kwamba kuna kamera kubwa, akaagiza mtandio mpya na meno yake yaliyo kwenye glasi, akaketi wima kama anayesomewa hukumu. Binti alipiga moja, akamshukuru, akaifungia kamera kabatini. Alisema unga utaiharibu. Mimi nikawaambia majirani anapumzika, wasanii wakubwa hupumzika.

Imo kabatini mpaka leo. Hapigi picha tena. Anarudi kazini, anaosha vyombo, ananiuliza goti linaendeleaje, analala. Hajanilaumu hata kwa jicho. Heri angenigombeza, mimi ugomvi nauweza.

Juzi hivi nilikuwa nataka kumchana Mama nywele kitandani kwake, akakataa, akataka nimpeleke dirishani. Nikamwambia dirishani kuna baridi. Akasema amekaa pale kila asubuhi mwaka mzima na baridi haikumla. Nikamtania, na macho hayo huko nje unaona nini? Akanijibu kwamba hakuwa anakwenda kuona chochote. Mtoto alikuwa anakuja kabla ya kwenda kazini, na kile kidude chake, anajifanya anatafuta viatu. Na yeye Mama alikuwa anajifanya hajui. Alisikia pumzi ya mtoto ikisimama kidogo, halafu ikarudi, akajua tayari amepigwa. Ndiyo maana alikuwa anageuza uso mpaka ahisi jua limekaa shavuni. Kisha akaniuliza, kwa upole, siyo kwa ukali wake ule tuliokulia, amemkosea nini yule mtoto, mbona siku hizi hamtazami.

Chanuo lilinibaki mkononi.

Jioni nikamwuliza binti. Akanieleza taratibu kwamba asubuhi zile zote za bibi yake zimo kwenye kikadi ndani ya ile kamera ndogo. Anavyokunywa chai, anavyogombana na redio, anavyocheka peke yake. Hakuwa amezitoa bado hata moja. Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile pale mezani. Akasema, mama, ulikuwa na furaha sana.

Ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Niligawa kitu kisicho changu, bila kumwuliza mwenyewe, ili majirani wanione. Na wewe ulihisi. Wakati unaaga uliniuliza mlangoni kama mtoto amekubali, nikakuambia yeye ndiye aliyetaka. Nilikudanganya, macho makavu.

Sasa nakuomba unirudishie. Kudai zawadi niliyoitoa kwa mbwembwe vile, uso unaniwaka hapa nilipo peke yangu. Wanao nitawashonea nguo wanazotaka, hata wakitaka mabawa nitashona. Kama imeanguka au imeingia maji, usiwapige, na usinifiche. Kama wamezifuta picha, usinifiche pia. Hata kikibaki kikadi tu, chembamba kama ukucha, kifunge kwenye ule mfuko unitumie. Daktari anasema macho ya Mama ndiyo basi, na moyo nao umechoka. Ninyi huko mnamjua Mama wa kwenye simu; huyu wa dirishani yumo humo.

Kwa sasa mimi ndiye ninayempeleka dirishani. Namfunika blanketi magotini, kisha nasimama pale anaposimama binti, karibu na viatu, namtazama. Leo asubuhi akageuza uso kwenye jua, akatulia, akangoja. Nikazuia pumzi nilivyoweza. Akatabasamu, akasema anajua si yule mtoto, kwa sababu mimi napumua kama cherehani. Lakini uso hakuuondoa juani. Akaendelea kungoja.

Msalimie shemeji, wabusu watundu wote, hata anayetafuna. Mama anasema ule vizuri.

Ni mimi dada yako,
yule wanayemwita Mama Kamera.