Tonge Lililopanda Treni

Kigwa,
27 Desemba 1951

Kwako dada Katarina,

Shikamoo. Shemeji Anton na watoto hawajambo huko Kanyenye? Surua ya mdogo imekwisha? Sisi huku tu wazima, mvua imeshika na mahindi yameota vizuri. Mama hajambo, ni mguu tu unaomsumbua kukiwa na baridi. Mimi nipo, dada. Mimi huwa nipo.

Kanga uliyomtumia mama kwa treni imefika, pamoja na sukari na sabuni. Aliinusa, akaipigia vigelegele, akaipitisha nyumba kwa nyumba mpaka wasiokujua wakajua ana binti mjini. Ni nzuri, sikatai. Mimi nilikuwa nimemsukia mkeka wa Noeli. Aliukalia akikunja kanga yako.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Uliposema huji, Mungu anisamehe, nilifurahi. Unajua desturi ya mama: kabla mtu hajagusa chakula, hukata tonge la kwanza, hulichovya kwenye asali, akamlisha kwa mkono wake yule anayemshukuru mwaka huo. Tangu uolewe ni wewe tu. Safari hii nilijua ni langu. Nani mwingine? Nani aliyemkanda mguu msimu wote, nani aliyelima karanga, nani aliyetwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge? Tuliporudi misani nilinawa, nikaketi karibu naye, mdomo tayari.

Mama akakata tonge, akalichovya, akasali. Kisha akalifunga kwenye jani la mgomba, akaniambia nilikimbize stesheni, nimpe mtu wa treni akuletee. Loo! Kaka Bernardo alicheka mpaka akapaliwa, akasema hajapata kuona ugali unaosafiri kwa treni. Mimi sikucheka. Nilimwuliza mama, mbele ya wote, kama mimi hanioni. Akashangaa kwelikweli. Akasema mtu humshukuru anayekuja na kuondoka. Mimi ni mkono wake, na nani aliyewahi kuushukuru mkono wake mwenyewe? Wote wakaitikia kwamba kasema vyema. Huenda kasema vyema. Lakini nami natamani kushukuriwa kama watu wengine.

Nilikwenda stesheni nikilia njia nzima. Ni wivu, dada, siupi jina jingine. Nakuonea wivu kwa kanga, kwa kuondoka kwako, hata kwa kutokuja kwako, maana usipokuja ndipo unapotajwa zaidi. Treni ilipoingia, mtu wa mizigo alininyooshea mkono. Nikamwambia sina mzigo.

Tonge lako nililila mimi, dada. Nililila palepale nimesimama, nikalilamba na jani. Asali ilikuwa nyingi, wala sikusikia utamu wowote, kwa kuwa nilijilisha mwenyewe.

Mama anaamini limekufikia. Tafadhali usinifichie. Utakapokuja Pasaka, usimwambie ahsante kwa tonge. Mwambie mbele yangu kwamba aliyelila ni Marcelina. Akitaka kugomba na agombe, akitaka kunipiga na anipige. Angalau siku hiyo ataniangalia.

Nisalimie shemeji, uwakumbatie watoto kwa niaba yangu, na Mungu awavushe salama mwaka huu. Mama naye anakusalimu sana, tena sana.

Mdogo wako akupendaye, pamoja na hayo yote,
Marcelina