Tundu la Kuba Nililokufundisha Mimi

Neema, uliyekuwa mpenzi wangu,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilicheka mpaka wenzangu wa zege wakauliza kulikoni. Miezi saba kimya, halafu: "Shabani mambo, nieleze tena ile ya tundu. Ijumaa nina usaili wa kwenda kusoma Roma." Hata kuniuliza kama niko hai hukuona haja. Basi nakujibu hapa hapa kwenye ukurasa wa Waswahili wa Maryland, maana hapa ndipo ulipojisifu na insha yako ya chuo juu ya hilo tundu.

Unaikumbuka Jumamosi uliyoniburuta mjini, kwenye makumbusho yenye ukumbi wa kuba, ulioiga hekalu la kale la Roma? Nilivaa buti za kazini. Wenzako wawili wa chuo, wale Wakenya, Brayo na Shiru, walizitazama buti kabla ya kunitazama mimi. Ukasimama katikati ukanyosha mikono kama mhubiri. "Kuba ni mbingu, tundu ni jua. Kutoka sakafuni hadi juu ni sawa na upana, mpira mzima ungeenea humu. Hekalu la miungu yote, na ukisimama hapa uko katikati ya ulimwengu." Ulipendeza siku hiyo, sikatai. Nikasema, "Mbona kama waliishiwa zege?" Mlinzi mwenyewe alicheka. Wewe ukawageukia wenzako: "Msimjali, huyu ananipa lifti tu."

Lifti tu! Miaka miwili nakupeleka chuo na kukurudisha Hyattsville, na chipsi juu.

Na bado, zuzu mimi, jioni ile kule ziwani Greenbelt nikakumenyea chungwa. Nikaweka nusu ya ganda kifudifudi gotini, nikalitoboa juu, nikakwambia bonyeza taratibu. Halikubonyea. "Eh, Shaba! Kwa nini halianguki?" Macho yalikutoka. Nikakujibu, "Kila kipande kinamwambia jirani yake: ukianguka, naanguka." Ukaniegemea begani, ukairudia sentensi ile polepole. Nilidhani unanipenda, kumbe unakariri.

Maana sentensi hiyo niliikuta kwenye insha yako, umeigeuza Kiingereza, mwalimu ameipigia mstari na kuandika "safi sana". Jina langu? Halipo hata chini kabisa kwa herufi za sisimizi. Sasa umesahau sentensi inamaanisha nini, ndipo unanikumbuka.

Uliwahi kuniambia kwamba hekalu lile la Roma kwa nje lina baraza la nguzo kubwa, mtu hajui kuna duara mpaka avuke kizingiti. Wewe nguzo zako zote ziko mbele, dada. Nilivuka kizingiti nikakuta ukuta.

Haya, chukua kalamu. Kila kipande cha kuba kinataka kuangukia ndani. Pale ukingoni mwa tundu vipande vinakutana kwenye pete, vinabanana bega kwa bega, hakuna pa kuangukia. Tundu halilidhoofishi kuba, linalipunguzia mzigo. Juu walichanganya mawe mepesi ya volkano, chini mazito, na kuta wakazifanya nene ili kuba lisitanuke. Makumbusho yetu yameziba tundu kwa kioo, lakini Roma liko wazi: mvua inaingia, sakafu imeinuka kidogo katikati, maji yanateremkia kwenye vitundu. Hiyo sikuisoma popote kwanza, niliikisia kwa mikono hii inayomwaga zege kila siku, kisha nikahakikisha. Kama unaona ni uongo, kaulize.

Jibu umepata, na limetoka kwa mtu aliyeishia darasa la kumi. Ijumaa wakikuuliza ulijifunzia wapi, tamka: kwa Shabani, fundi zege wa Hyattsville. Ukisema ni kitabuni, wenzako wako humu ukurasani. Kabla hujamaliza kusoma, Shiru atakuwa ameshanakili yote, na Brayo ameshalaiki.

Nenda Roma ukifaulu, usipofaulu kaa. Namba yangu ifute.

Aliyekuwa mpenzi wako,
Shabani