Umuhoza Asije Mwezi wa Nne

Biryogo, Nyamirambo,
Kigali.
20 Machi 1994

Mpendwa kaka yangu Ismaël,

Assalaam aleikum. Kabla ya yote nakuuliza hali yako na ya mgongo wako, maana mara ya mwisho uliniandikia ukiwa umelala kifudifudi na hutaki kuguswa. Umeinuka? Wifi yangu Alida hajambo? Na Kaliza wenu mdogo, bado anautemea uji? Mwambie kwamba mimi shangazi yake nilikuwa hivyohivyo na nimeshapita miaka hamsini.

Sisi huku wazima. Shemeji yako Nizeyimana anakohoa kikohozi chake kilekile, na miguu yangu inavimba nikikaa sana kwenye cherehani, lakini tunapumua. Idi tuliila salama. Nilipika pilau, viazi vikawa vingi kuliko nyama, na bahati yangu hukuwepo wewe wa kuitangaza aibu hiyo mji mzima.

Barua hii nimempa mkononi Bigirimana, yule Mrundi dereva wa lori anayekuja huko Dar kuchukua mizigo. Posta siiamini tena, bahasha zinafika zimeshafunguliwa. Mpe chakula, ametoka mbali, halafu kaa mahali uisome peke yako. Usiisome mbele ya mwanangu Umuhoza. Ni kwa ajili yake ninaandika, na kaka, ninaogopa. Nimetafuta neno jingine la heshima zaidi sikulipata.

Unakumbuka tulivyofurahi mwanangu alipopata buruse, ufadhili mnavyouita huko. Wale Wazungu wa mfuko wanamlipia ada, chumba, vitabu na pesa ya kula, ili asomee huko Dar shahada ya pili ya afya na usalama kazini. Hapa mtaani hakuna aliyejua kwamba kitu kama hicho kinasomewa. Jirani mmoja aliniuliza kama binti atatoka huko daktari au polisi. Nikamjibu atakuwa vyote viwili, ila wa viwandani. Nilijivuna mpaka watu wakachoka nami.

Somo lile alilichagua kwa sababu ya baba yake. Shemeji yako amekoboa kahawa katika kiwanda kile tangu ujana wake, bila hata kitambaa puani, na Umuhoza amekua akisikiliza kifua cha baba yake kikikoroma nyuma ya pazia. Alipomaliza chuo kikuu cha Butare alisema anataka kujua vumbi lile lina nini ndani yake, na nani alipaswa kuwakinga wafanyakazi nalo. Baba yake aliposikia hivyo alitoka nje, akajifanya anakwenda kutazama kuku. Hatufugi kuku.

Sasa sikiliza. Buruse ile ina sharti. Utafiti wake lazima aufanyie kwenye kazi za nchi yake mwenyewe, na auanze kabla ya mwezi wa tano. Asipoanza, msaada unakatwa na mwaka wa pili hausomi. Kwa hiyo ameniandikia kwamba anakuja baada ya Pasaka, na kwamba ni kiwanda kilekile cha baba yake kilichomkubalia. Anakuja na mashine ya chuo, kisanduku kidogo kinachovuta hewa. Mfanyakazi anakifunga kiunoni, mpira wake unakaa karibu na pua, na jioni wanapima vumbi alilolivuta siku nzima. Barua yake imejaa kicheko. Ananiambia mkataba wa amani umetiwa saini, askari wa kofia za buluu wako mjini, mama acha uoga.

Askari hao nawaona. Wanapita na magari yao meupe, watoto wanawapungia mikono, nao wanapunga. Wakishapita tunabaki sisi kwa sisi. Mwezi uliopita, walipouawa wale wakubwa wawili wa vyama vya siasa, barabara zilifungwa kwa mawe na magogo, na vijana wenye marungu wakawa wanasoma vitambulisho. Wengine hata kusoma hawajui vizuri, lakini mstari wa ubwoko, yaani kabila, wanaujua ulipo. Kitambulisho cha Umuhoza kimefuata cha baba yake, Mtutsi. Unajua kwamba katika nyumba yetu jambo hilo halijawahi kuzungumzwa mezani. Siku hizi nikimwona mume wangu anavaa koti, kitu cha kwanza ninachokifikiria ni mfuko ule wenye kitambulisho.

Wifi yangu Athanasie, dada yake Nizeyimana anayekaa mtaa wa Niboye, alitembelewa na watu asiowafahamu. Walimuuliza kwa adabu kabisa nyumba yake ina vyumba vingapi na nani analala humo. Hawakuchukua kitu. Siku hiyohiyo alikuja kwetu na godoro kichwani, na mpaka leo yuko hapa, yeye hakusilimu kama kaka yake, anasali rozari yake chumba cha uani na mimi ninaswali upande wa mbele. Biryogo, alhamdulillahi, bado tunakula sahani moja. Lakini Umuhoza hatoki mbinguni akashukia Biryogo. Itabidi apite njia yote kutoka mpakani Rusumo, na sijui ni vizuizi vingapi vimewekwa katikati.

Haya yote pengine ningeyameza. Kilichonimaliza ni mdomo wa shemeji yako.

Siku ya Idi, baada ya swala, alisimama msikitini akamwomba shehe amwombee dua binti yake. Ni desturi yetu, msafiri huombewa, na mzazi hutaja safari ili watu waitikie amina wakijua wanaitikia nini. Basi naye akataja. Alitaja mwezi, akataja njia ya Rusumo, akataja kiwanda, na kwa vile furaha ilikuwa imempanda kichwani, akaeleza na mashine inavyofungwa kiunoni. Watu wakaitikia amina kwa sauti. Zamani dua kama ile ingekuwa kinga. Mwaka huu alikuwa anatangazia mji kwamba mtoto wa Mtutsi anakuja kutoka nje na mtambo chini ya nguo. Alirudi nyumbani anatabasamu, akaomba pilau. Nilimpa, nikaenda kulia uani.

Haikupita muda, konseye wa sekta, diwani wetu, akaja. Hajawahi kuingia kwangu hata kushonewa suruali. Akaketi, akakubali chai.

"Mama Umuhoza, ile mashine ya binti yako iko inapima nini?"

"Vumbi, konseye."

"Vumbi ya nani?"

"Ya kahawa. Ile inayoingia kwa kifua ya watu ya kazi."

"Na iko na antena?"

Nikamwambia haina. Akacheka, akasema hakuna tatizo, ila binti akifika aipeleke kwanza kwake aione, yeye na vijana wake. Kisha akauliza atafika siku gani hasa. Nilisema sijui, nikamwongezea chai.

Na kiwanda chenyewe, kaka, si kile cha zamani. Yule msimamizi aliyemwandikia Umuhoza barua ya kumkubali ameacha kazi ghafla, hakuaga. Mzee mmoja anayelinda geti, rafiki yake Nizeyimana, alikuja akatuambia kwamba siku za Jumapili vijana wa chama tawala wanafanya mazoezi uwanjani pale, wanakimbia na kuimba, na magogo wameyashika kama bunduki. Hapo ndipo mwanangu anataka kuingia, awafunge watu mipira puani na kuwauliza wanavuta nini.

Nilimwandikia nikamkataza kwa maneno laini, kwa kuogopa hao wanaofungua bahasha. Akanijibu, "Mama, vumbi halijui ubwoko." Ni kweli, vumbi halijui. Ana akili sana huyu mtoto, na akili hiyo ndiyo inanitisha. Anadhani kila mtu akielezwa jambo vizuri ataelewa.

Kwa hiyo nakuomba, kaka, uvae ile suti yako ya harusi, kama bado inafunga, uende chuoni umwone mwalimu wake. Mwambie mfuko ubadilishe sharti. Tanzania haina viwanda? Hakuna nguo, hakuna katani, hakuna korosho? Na huko watu hawakohoi? Mwalimu aliandikie hilo shirika kwamba utafiti ufanyike huko, na kwamba mama mzazi ndiye anayeomba.

Wakikataa, waikate buruse yao. Naandika nikijua ninachokiandika. Nilifunga saumu nikimwomba Mungu ampe msaada ule, na leo, kama hiyo ndiyo njia ya kumzuia, naomba uondoke mikononi mwake. Mkae naye hapo kwenu. Kushona anajua, nilimfundisha mwenyewe, pindo zake ni nzuri kuliko zangu. Shahada itasubiri. Ikikataa kusubiri, na iende.

Usiniulize kwa nini sisi hatuondoki. Shemeji yako kifua chake hakiwezi vumbi la safari, na hata kingeweza, anasema mtu mzima hakimbii nyumba aliyoijenga. Tumeshagombana kuhusu hilo, sasa tumenyamaza. Athanasie naye anasema Bikira Maria atamtazama. Mimi nawatazama wao.

Wasalimie wote. Msalimie wifi yangu Alida, mwambie kitambaa cha kitenge alichoniletea mwaka ule bado sijakikata, namsubiri aje nimpime mwenyewe. Mbusu Kaliza kwenye shavu ambalo halina uji. Wajulishe salamu majirani zako waliompokea mwanangu vizuri. Nizeyimana na Athanasie wanakusalimu sana, na Nizeyimana anasema unywe tangawizi kwa ajili ya mgongo. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awaondolee kila baya mnalolijua na msilolijua.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu. Namfahamu Umuhoza. Utamweleza habari za vizuizi, naye atakujibu kwa Kifaransa, ukishindwa atakuongezea Kiingereza, na mwisho atafunga sanduku lake. Kuna kitu kimoja tu asichoweza kukipinga. Tangu utotoni mtoto huyu hajawahi kutoka bila radhi yangu, hata kwenda kufanya mtihani. Alipokuwa anakuja huko kwenu alipiga magoti hapa mlangoni, nikamsomea Fatiha viganjani mwake, naye akajipangusa nayo usoni, akaondoka bila kugeuka.

Basi mwambie hivi, kwa maneno yangu: mama yako hana radhi na safari hii, na ukija hatakufungulia mlango. Sema hivyohivyo, usilainishe. Atalia sana. Mwache alie, na nauli usimpe. Atanichukia, atasema mama yangu amekuwa mtu mwingine. Mkubalie.

Radhi yangu anayo, kaka. Anayo yote, sijamnyima hata chembe, na kila nikiinuka kwenye mswala namwongezea. Lakini hilo usimwambie mpaka mwezi wa nne uishe.

Dada yako akupendaye kwa moyo wote,

Nyiraneza