Mama Anayetafuna Saa ya Maombi

Kamembe, 16 Januari 2023

Tantine Thacienne,

Bwana asifiwe. Wewe na Gaju muko bazima? Mugongo inakuacha ulime kidogo? Mimi niko muzima, ni kichwa tu kinauma juu ya kazi.

Nimepata kazi ya kuchora! Muganga Mukengere ameandika kitabu juu ya ugonjwa wa sukari, anataka katuni makumi mbili ndani. Anasema muntu anakumbuka kile kilimuchekesha. Basi nachora na krayo, kalamu ya risasi, halafu napeleka karatasi kwa bamama wa soko, bila maneno chini. Nauliza: "Unaona nini?" Mama akianza kunifasiria, nachana. Akicheka mbele sijauliza, ile napitisha wino. Tantine, wiki mbili nachana tu!

Ni mimi nilikupeleka hospitali siku balikupima, bakakuta sukari. Unisaidie na mawazo basi.

Mutoto wako uliyelea,
Gad

Gitambi, 2 Februari 2023

Gad mutoto wangu,

Salamu nyingi. Hapa tunaamka, tunakula, tunamushukuru Mungu. Wewe unakula, ao ni chai na mukate kila siku? Nakuandikia kwa karatasi juu simu yangu inashikwa na kila muntu nyumbani, na haya si ya kusikiwa.

Komprime zangu za sukari nazifunga kwa ncha ya kikwembe ninachojifunga. Siku ya yenga saa ya dawa inanikuta kanisani; bantu bakifumba macho kuomba, nainamisha bega, nafunika kinywa, natafuna mbio mbio, jicho moja wazi namuchunga pasta. Mwezi jana naye akafungua lake! Inje akaniuliza: "Mama Gaju, unakula nini mbele ya Mungu?" Nikasema karanga. Weee! Akanihubiria juu ya tamaa ya tumbo mbele ya baimbaji ba korali yote, na mimi naitika amina.

Ucheke, lakini usimwambie muntu. Bakijua niko mugonjwa batanitoa kwa uongozi wa korali, batasema nipumzike. Hapa muntu akipumzishwa, bameishamuzika.

Tantine yako,
Thacienne

Kamembe, 29 Mei 2023

Tantine,

Amani kwako. Sukari iko chini? Sijui nianzie wapi.

Nimesikia bajanama ba afya, bale banapita nyumba kwa nyumba, baligawa kitabu mpaka Gitambi. Mimi nilifikiri kitabaki hapa mujini. Umeishakiona, ukurasa wa makumi tatu na moja.

Sikutaka, tantine. Kwanza nilimuchora mama munene mwenye miwani anatafuna dawa kanisani, hakuna aliyecheka. Nikamufanya muzee, nikamupa mavazi mengine. Nikachana. Mara saba. Ya nane nikaweka bega, ncha ya kikwembe, jicho moja wazi. Muuza ndagala alicheka mpaka akakaa chini, akaita benzake. Nikapitisha wino siku ile ile, nikijidanganya: sura si yake. Lakini bega ni lako. Nani wa korali hajui bega lako?

Nasikia haya mpaka kushika krayo inanishinda. Unitukane, lakini unijibu.

Mutoto wako,
Gad

Kamembe, 26 Juni 2023

Tantine,

Unaendelea aje? Wiki ine sijapata jibu. Gaju akishika simu anasema uko shamba, hata saa ya mvua.

Ile barua sikusema yote. Pasaka nilipokuja, kitabu kilikuwa kimeishatoka. Kilikuwa ndani ya kartabla, ule mufuko wangu wa safari, chini ya mashati. Siku tatu ulinipikia sombe, ukanipa kipande kikubwa cha nyama, ukaniuliza: "Na kile kitabu?" Nikajibu: "Bado." Nilikutazama machoni nikasema bado. Najichukia.

Gad

Gitambi, 10 Julai 2023

Gad,

Nakusalimia. Tuko bazima.

Korali habakunitoa. Pasta alikuja kuomba musamaha juu ya karanga. Tena bamama batatu balikuja kwangu mumoja mumoja, nao bako na sukari, nao banaficha. Kitabu kinasaidia. Na katuni ni nzuri, nilicheka mimi mwenyewe mbele sijajitambua. Nilikasirika, ikapita.

Ni Pasaka ndiyo haipiti. Siku zile tatu nilikuambia mengine mengi, ya marehemu mume wangu, ya ule mutoto niliyemupoteza, mambo Gaju hajui. Na wewe umekaa, unatikisa kichwa, kitabu kwa kartabla chini ya mashati. Sasa nikiwa nalima nakumbuka kila neno nilisema, najiuliza ni lipi litatoka kwa krayo yako.

Harusi ya Gaju ni mwezi wa nane. Nitamwambia kazi imekushika. Usikuje. Ukiwa ndani nitachunga kinywa changu, na siku ya mutoto wangu nataka kusema na kucheka bila kutazama nani amekaa wapi.

Kula vizuri. Mimi bado ni tantine yako.

Thacienne