Mama, Hizi Ndizo Habari za Mbwa Wako

Mwaka umezunguka, Mama yetu Balbina, tangu asubuhi ile ya mavuno presha ilipokuchukua kabla hatujakufikisha hospitali. Mpunga wako wa shambani, kijijini Mbingu, tuliuvuna bila wewe. Mwaka huu tumelima tena, na Martin anang'ata punje kwa meno ya pembeni kama ulivyokuwa ukifanya, ajue kama zimekauka vya kutosha kupelekwa mashineni. Bado anakosea.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo. Ulikuwa ukimpelekea jirani yetu Bibi Rabia mchele wake kabla hujapima wa kuuza, ili asipate masalio. Hukupenda kutajwa kanisani. Jioni uliita watu waje kula kwa mpangilio uleule: Martin, Dativa, Agnella, halafu Mtasema. Wageni walidhani Mtasema ni mtoto wa nne.

Kwa wasiomjua, Mtasema ni mbwa. Baba alipofariki, wifi yako Yosefina, shangazi yetu, ambaye nyumba yake na yetu hapa mjini Mlabani zinatenganishwa na uzio tu, alisema mbele za watu kwamba mwanamke peke yake hawezi shamba lenye nguruwe pori, na kwamba ungerudi mjini kabla ya kupalilia. Ulikuja kutoka Mbingu na kitoto cha mbwa ulichopewa na Mzee Mabula, jirani yako wa shamba, ukasimama kando ya uzio ukamwita kwa sauti: Mtasema. Shangazi alielewa, na mtaa mzima ulielewa. Kuanzia hapo hakuwahi kulitamka jina hilo. Alisema "yule mbwa wenu", basi.

Mbwa huyo alikufukuzia nguruwe misimu mingi. Kisha, alipokwisha kuota mvi mdomoni, alianza kuhema vibaya. Haikuwa kila wakati. Alikuwa anaweza kulala vizuri tu, mara mbavu zikaanza kwenda mbio, shingo akainyoosha mbele, na pumzi ikatoka na mkwaruzo uliosikika hadi barabarani. Halafu ikaisha, akatuangalia kama vile sisi ndio tuliokuwa tunapiga kelele.

Bwana mifugo alikuja akasikiliza kifua. Alisema mapafu hayasikiki vibaya na moyo unakwenda kama wa mzee yeyote. Akatoa dawa ya minyoo, baadaye sindano, na hakuna kilichobadilika. Majirani walisema ni vumbi la mashine ya kukoboa. Mjomba Adolf alisema ni mfupa umekwama. Agnella, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuo, alisoma kwenye simu mpaka bando likaisha, akaja na magonjwa mengi kuliko tuliyokuwa nayo mwanzo. Tuliambiwa kuna picha ya kifua inayoweza kupigwa Morogoro. Ulifikiria basi, na joto, na mbwa mwenye pumzi ile sakafuni katikati ya miguu ya watu, ukasema hapana.

"Sijui anaumwa nini," ulituambia, "na daktari naye hajui. Lakini joto hapendi, kamba ya shingoni hapendi, na kuinama kula kunamchosha. Tuanze na hayo."

Tukaanza na hayo. Bakuli lake uliliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ulimshonea mkanda wa khanga ya zamani unaopita kifuani badala ya kamba. Siku za jua kali ulilowesha gunia ukalitundika mlangoni kwake, upande unaoingiza upepo. Alipobanwa na pumzi hukumzunguka wala kumpapasa. Ulikaa karibu ukichambua mboga, mpaka ikapita. Sisi tuliona ni kazi nyingi kwa ajili ya mbwa, na wengine wetu tulikwambia. Uliendelea kuchambua mboga.

Bwana mifugo alipokwambia kwamba ipo sindano ya kumpumzisha, hukukasirika. Ulisema siku utakayomwita asije, hiyo ndiyo siku yake, na daktari aitwe bila kupoteza muda.

Halafu wewe ndiye uliyetangulia.

Siku za msiba kulikuwa na watu wengi, na baba zetu wadogo walimfunga nyuma ya jiko kwa kamba ya katani ili asiwatishe waombolezaji. Hakula. Pumzi ilizidi. Tulikwenda mmoja mmoja, tukamlegezea kamba na kumwita. Aliinua masikio, akayashusha, hakuinuka.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa kugawana vitu vyako, kama ilivyo kawaida. Kitenge chako cha Pasaka alipewa Dativa, baiskeli Martin, jembe lenye mpini mfupi Agnella. Vilipokwisha, Baba Mdogo Viktor, aliyekuwa anaendesha kikao, alisema bado mbwa.

"Yule siyo mbwa tena," alisema Mjomba Adolf. "Ni pampu ya baiskeli. Mpeni Martin, ziende pamoja."

Watu walicheka, hata waliokuwa wametoka kulia. Martin hakucheka. Aliwaeleza maneno yako, kwamba siku atakapoitwa asije ndiyo siku yake, na kwamba tumemwita tangu tulipokuzika wala haji kwa yeyote. Baba Mdogo akaomba namba ya bwana mifugo. Hapakuwa na ubaya wowote hapo, Mama. Yalikuwa ni makubaliano yako mwenyewe.

Aliyesimama ni Shangazi Yosefina. Alikuwa upande wa wanawake, karibu na masufuria, na siku zote za msiba hakuwa amesema mengi.

"Mmemfunga kamba shingoni," alisema. "Wifi hakuwahi kumfunga shingoni. Nilikuwa naona."

Alikwenda nyuma ya jiko akaifungua kamba, akairusha juu ya kuni. Hakumvuta mbwa. Alirudi akavuka uwanja wote mpaka kwenye uzio, pale ulipokuwa ukisimama wewe, akageuka. Alisimama hapo mpaka watu wakaanza kutazamana. Alikuwa mwanamke mzima anayetakiwa kulitamka jina alilopewa mbwa ili yeye alisikie, tena mbele ya ukoo.

"Mtasema," aliita.

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya jiko tulisikia kwanza ule mkwaruzo, kisha tukamwona. Alikuja taratibu sana. Alisimama kwenye mtungi wa maji kuvuta pumzi, akasimama tena katikati ya mikeka, watu wakakusanya miguu kumpisha. Alipofika akalala juu ya kandambili za shangazi.

"Sasa sindano ya nini?" shangazi alimuuliza Baba Mdogo. "Si amekuja."

Kikao kikaisha hapo. Baadaye wanawake wa jumuiya walimshauri ambadilishie mbwa jina, maana lile lilikuwa la kumsuta yeye. Alisema, "Pumzi yenyewe hana, nimnyang'anye na jina?"

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, Mama. Mtasema anaishi upande wa pili wa uzio. Shangazi hakutuuliza namna ya kumtunza. Ndoo iliyopinduliwa ipo, gunia lililoloweshwa lipo, na mkanda wako wa khanga ulipochanika alikata khanga yake. Anamgombeza kutwa, kwamba ni mvivu, kwamba anakoroma kama mlevi. Miezi ya joto ilikuwa migumu, masika ikawa nafuu. Bwana mifugo mpya, binti mmoja mpole, naye amesikiliza kifua, na naye amesema hajui. Tumeacha kuuliza. Mkwaruzo ukianza tunapunguza sauti ya redio na kukaa karibu, na mara nyingi unapita.

Jioni, misa ikishatoka, shangazi husimama pale pale uzioni. Huita mara moja tu, kisha husubiri, na sisi upande huu tunaacha tunachofanya. Kufika kwake Mtasema huchukua muda mrefu kuliko zamani.

Hata jana alikuja.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii parokiani kwetu, misa ya kwanza. Baada ya hapo karibuni wote nyumbani Mlabani kwa chai.

Wanaokukumbuka ni wanao Martin, Dativa na Agnella, shemeji yako Viktor, kaka yako Adolf, wajukuu, jirani yako Bibi Rabia, Mzee Mabula na familia yake kule Mbingu, na wifi yako Yosefina, aliyetaka jina lake liwekwe mwisho.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na kila jioni jina hilo likiitwa.