Chai ya Maji ya Kisima

Jumanne, 14 Oktoba

Baba Joash,

Leo nimeimwaga chai yako. Katika ile pakiti uliyoileta kutoka kiwandani wiki moja kabla ya kulazwa, yalikuwa yamebaki majani ya sufuria moja tu. Niliyatunza tangu tulipokuzika pale nyumbani Marani, nikayavusha bahari hadi kisiwa hiki.

Nilichota maji kisimani, yale ninayooshea vyombo. Chai ikatoka na chumvi, nikadhani ni ulimi wangu. Jirani yangu Bi Zuhura akaonja, akatema mlangoni.

"Mama Joash! Chai kwa maji ya kisima? Ya chai ni ya mvua, yale ya tangini. Watu wa bara nyinyi!"

Akacheka sana. Ningejuaje? Kwetu chemchemi ile moja ya bondeni ilitosha kila kitu, hata kukuosha wewe siku ile.

Joash alipotoka kufundisha nikamweleza.

"Mama, ni majani tu. Nitakununulia mengine dukani."

Ni mtoto mwema. Ndiye aliyenileta huku ili nisikae peke yangu. Lakini hakuuliza hata yalikuwa ya nani, nami sikumwambia. Ningesema, ningelia.

Pakiti tupu nimeikunja nikaiweka ndani ya Biblia. Bado inanukia kidogo.

Kanisani tunafundishwa kwamba wafu hawajui neno lolote. Nimeamini hivyo tangu utotoni. Ila huku hakuna anayejua nilivyokuwa kabla ya kuitwa mtu wa bara.

Nikumbuke wewe, hata kama huwezi.